Ukiona Mshale Unatembea, Ni Mimi

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua unashangaa kuona barua pepe ndefu badala ya simu. Kwenye simu unaanza kwa kunigombeza ndipo unauliza hali, na leo nina habari inayotaka kusomwa kwa utulivu.

Nimepewa kazi ya maana. Unajua kampuni yetu ya matairi ina makao makuu na matawi manne, kompyuta thelathini na moja, na fundi wa kompyuta mmoja tu, ambaye ni mdogo wako. Kompyuta ya tawi la mbali ikigoma, ama nipande magari mawili niifuate, ama nikae hapa mezani kwangu niiingie kwa programu, niushike mshale wake na kuitengeneza kutoka huku. Kwa miaka miwili nimetumia programu niliyoipakua bure mtandaoni bila kumwuliza mtu. Sasa meneja mkuu amesoma mahali kwamba wezi hupenda kuingia kwenye makampuni kwa mlango huo huo. Ametishika. Anataka nichague programu iliyo salama, niiandikie ripoti, kisha niitetee mbele ya wakuu wote.

Wewe hospitalini kwenu kazi hii ulishaifanya. Nitumie ule mwongozo wako. Sitaunakili, nitautazama tu. Nikiutazama kwa macho ya kunakili usinicheke.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 6 Februari

Bwana Kesho,

Marahaba. Jina hilo nilikupa ukiwa darasa la tatu, kila ulipoulizwa kama umemaliza kazi za shule ukajibu kesho, na sioni sababu ya kulibadilisha eti kwa kuwa siku hizi una kiti kinachozunguka.

Mwongozo nimeuambatanisha. Nakili, lakini nakili na akili iliyomo. Usianze na jina la programu, maana kila muuzaji atakwambia yake ni salama, na mimi ningekuwa nauza ningesema vivyo hivyo. Anza na maswali. Kila anayeingia ana jina lake na neno lake la siri, au mnagawana moja kama taulo la gesti? Ukishaweka neno la siri, inakudai namba ya pili kwenye simu? Inaandika nani kaingia wapi, saa ngapi na kafanya nini, mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kufuta? Walioitengeneza wanaziba matundu yake kila yanapogunduliwa, au waliitelekeza miaka mitatu iliyopita? Na kubwa zaidi kwangu: mtu aliyekaa mbele ya mashine anaulizwa kabla hujaingia? Hapa kwetu nesi akiona kile kidirisha cha Kubali au Kataa anajua kuna mtu anabisha hodi, na ana haki ya kumwambia subiri, nina mgonjwa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi huliruka kwa kuwa halina sifa. Ukishaweka mpya, ondoa ya zamani. Kwenye kila mashine. Nenda kwa miguu yako, angalia kwa macho yako, ndipo uweke tiki. Programu mpya haikulindi hata chembe kama ile kuukuu bado imejikalia pembeni inasubiri wageni.

Kula vizuri. Mama anasema umekonda kwenye picha.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada,

Shikamoo. Imepita! Meneja mkuu aliisoma ripoti kwa sauti. Alipofika kwenye lile jambo la nesi (nilimtoa nesi nikamweka mtunza stoo) alinyanyua miwani akasema, "Huyu kijana anafikiri." Nilivimba kichwa, sikufichi. Programu imenunuliwa, nimeiweka kila mahali, kila mtu ana jina lake na namba zake, na ukurasa wa mwisho nimeandika kwamba programu ya zamani imeondolewa kwenye mashine zote thelathini na moja. Nikatia sahihi yenye mikunjo miwili, kama ya mkurugenzi.

Aliyenichosha ni mmoja tu, Mama Stoo wa tawi la mbali. Ana miaka ishirini na sita kazini. Umzibe macho atakuonyesha kila tairi lilipo, lakini kompyuta anaiogopa kama mkwe. Kidirisha cha Kubali kikitokea hagusi kitu, ananipigia simu: "Mwanangu, kimetokea kitu, nikifanyeje?" Namwambia bonyeza Kubali mama. Anasema nikibonyeza pabaya je? Tunabembelezana robo saa. Nitakwenda kumfundisha wiki ijayo.

Mdogo wako mwenye sifa zake,
Fundi


Tarehe 3 Machi

Hongera. Wiki ijayo ipi?

Dada


Tarehe 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Tumeibiwa.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mtu aliingia kwenye kompyuta ya Mama Stoo kwa mbali na kuandaa hati ya kutolea mzigo kwa jina la mama huyo: matairi mia mbili na arobaini ya malori. Asubuhi yake likaja lori na dereva mwenye hati iliyochapwa vizuri. Mama Stoo akavaa miwani, akalinganisha namba moja baada ya nyingine na zile za kwenye kompyuta, zikalingana. Akafungua mageti. Akasimamia upakiaji mwenyewe mpaka tairi la mwisho, na wapakiaji wanasema aliwafokea waliporusha moja vibaya.

Jambo lililowashangaza wakubwa ni hili. Wakati wote ule wa Alhamisi yeye alikuwa amekaa mbele ya mashine. Dakika arobaini mshale unatembea wenyewe, unafungua, unaandika, naye ameweka mikono mapajani anatazama. Kamati ya uchunguzi ikamwuliza, "Uliona, ukanyamaza?" Akasema, "Nilidhani ni fundi. Fundi ndiye hufanya hivyo, nami huwa simwingilii." Wote wakanigeukia. Nikawaambia utaratibu wetu umeandikwa kwenye ripoti, ukurasa wa nne: hakuna anayeingia bila mwenye mashine kubonyeza Kubali.

Kamati imeniagiza niikague ile mashine. Nimeikagua. Nimechoka, dada, chakula hakipiti.

Fundi


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako mapokezi, nimesimama, wagonjwa wananipita.

Usikubali kubebeshwa mzigo usio wako. Ulichagua vizuri, uliandika vizuri, ukurasa wa nne upo. Huyo mama wa watu namwonea huruma, lakini tuseme ukweli: mtu anayekaa dakika arobaini anatazama wizi kama anatazama tamthilia hafai kukabidhiwa kompyuta ya stoo. Wapo wengi wa namna hiyo, hata hapa ninao. Hawasomi, hawaulizi, kisha siku mambo yakiharibika wanasema nilidhani ni fundi. Wewe kaza shingo.

Kitu kimoja tu hakinikai. Programu mpya haiingii bila Kubali, na wewe mwenyewe ulisema anaogopa kukibonyeza. Siku ile nani alibonyeza? Angalia kumbukumbu za kuingia, utanitumia nikusaidie kusoma.

Dada yako anayekuombea


Tarehe 27 Machi

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikifika kwenye swali lako nafunga kompyuta.

Hakuna aliyebonyeza. Haikuwa programu mpya.

Ile ya zamani niliiondoa kwenye mashine thelathini. Ya Mama Stoo niliiacha. Mpya ilikuwa inatuchosha wote wawili, yeye na woga wake, mimi na simu zake, na ya zamani ilikuwa inaingia moja kwa moja bila kumsumbua mtu. Nikajiambia nitaiacha mpaka nikamfundishe. Neno lake la siri lilikuwa jina la kampuni na moja mbili tatu, lile lile tangu mwaka juzi. Kisha nikaandika thelathini na moja na kutia sahihi.

Na lile la mikono mapajani, nilimfundisha mimi. Zamani, wakati natengeneza mashine yake, alikuwa akiona mshale unakimbia naye anaushika ausaidie, tunavutana kama watu wawili kwenye usukani mmoja. Nikamwambia kwa simu, kwa ukali, mbele ya wenzangu ili wacheke: "Mama, ukiona mshale unatembea, ni mimi. Toa mikono, kaa kimya, usiguse kitu." Walicheka kweli. Yeye akasema, "Sawa mwanangu." Tangu siku hiyo hakugusa tena.

Nilipotumwa kuikagua mashine yake nilianza kwa kuifuta ile programu. Kisha nikaandika kwamba sikuona dosari yoyote. Mikono yangu ilikuwa mikavu kabisa, dada, haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha nikilikumbuka.

Jana amepewa barua ya kusimamishwa kazi. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuja makao makuu kuichukua, na akitoka akapita mezani kwangu kunisalimia. Nilimwona kutoka mbali, na mkoba wake mweusi. Nikaweka simu sikioni nikajitia naongea na mtu. Nikawa nasema "ndiyo, ndiyo, sawa" na hakukuwa na mtu upande wa pili. Akasimama pale akisubiri nimalize. Sikumaliza. Akanigusa begani, akaenda zake.

Nimekudanganya na wewe. Ulipomsema yule mama sikukuzuia, niliona ahueni. Sijui niseme nini.

Fundi


Tarehe 27 Machi

Nimesoma mara tatu.

Sitakutukana, maana nikianza sitajua pa kuishia, na wewe ni mdogo wangu. Ila nataka ujue ulichonifanya. Nimemhukumu mama mtu mzima nisiyemjua, kwa maneno makubwa, nikamwita asiyefaa, kwa kuwa uliniandikia nusu ya habari na nusu ukaikalia. Ni mwongozo wangu uliousimamisha mbele ya wakubwa, na ndani yake nilikuwa nimekuandikia kwa herufi nzito: ondoa ya zamani. Leo nesi mmoja ameniita kwa heshima kama kawaida yake, nimeshindwa kumtazama usoni.

Usinitumie kumbukumbu zozote nikusomee. Nenda kwa kamati. Sema yote, na ya kuifuta, hasa ya kuifuta. Usiende kesho.

Na usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili
Kwa mkono wa dereva wa tawi

Kwa Mama Stoo,

Shikamoo mama. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu najua kompyuta wameifungia, na simu nimeiogopa. Ukisikia sauti yangu unaweza kukata, na una haki.

Huenda dereva amekwisha kukuambia. Tarehe 3 nilikwenda mbele ya kamati. Ilikuwa niende siku nne kabla, nilifika mpaka mlangoni nikarudi, nikakaa chooni kama mwanafunzi anayekwepa mtihani. Siku niliyoingia niliwaambia hivi: programu ambayo mwizi aliingilia ni yangu, niliiacha kwenye mashine yako kwa uvivu, nikaandika uongo kwamba nimeiondoa, kisha nikafuta ushahidi. Niliwaambia pia kwamba wewe ulitii nilichokuamuru. Meneja mkuu aliifungua ripoti yangu kwenye ukurasa wa mwisho, akaitazama sahihi muda mrefu, akaifunga. Afadhali angenifokea.

Barua yako ya kusimamishwa imefutwa, Jumatatu utaitwa kazini, na watakuomba radhi kwa maandishi. Mimi nimepewa mwezi mmoja wa kukabidhi kazi kwa wataalamu kutoka nje, kisha niondoke. Matairi hayajapatikana. Mwizi hajulikani.

Mama, siku uliyopita mezani kwangu sikuwa naongea na mtu yeyote kwenye simu. Nataka ulijue na hilo. Nilikuwa nakukwepa. Sijawahi kujiona mdogo kama dakika zile ulizosimama, na hata sasa nikifumba macho nauona mkoba wako mweusi. Nisamehe kama utaweza. Kama huwezi sitalalamika.

Wataalamu hao wapya wanaandika kanuni za matawi yote, nao wamenipa swali, nami naona haya kukuuliza lakini nimeagizwa. Wanataka kujua kama siku ile uliona tofauti yoyote, hata ndogo, kati ya mwizi na mimi. Jinsi mshale ulivyotembea, au kasi, au chochote. Kwao itasaidia kuwafundisha wengine. Ukiona vigumu, usijibu.

Aliyekukosea,
Fundi


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu fundi,

Marahaba. Barua yako imefika, ila dereva ameikalia siku mbili chini ya kiti, imetoka na harufu ya mafuta. Mwandiko wako mbaya kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyesoma.

Kazini nimerudi jana. Wakubwa wameniomba radhi, nimeitikia. Stoo nimeikuta imevurugwa, kijana waliyemweka amechanganya matairi ya mbele na ya nyuma kama anapanga sufuria, nimemweka sawa. Watu wa tawi walionikwepa mwezi uliopita sasa wananisalimia kwa mikono miwili. Nawaitikia wote. Mume wangu ndiye hajatulia. Zile siku za kukaa nyumbani hakuniuliza kama nimeiba, lakini aliacha kunitazama tukila. Nilitamani aulize tu nimjibu yaishe. Nimemwonyesha barua yako, ameisoma mpaka mwisho, akaenda kukaa nje.

Umeomba nikusamehe. Nimekusamehe, mwanangu, na sisemi kwa mdomo tu. Siku ile ya simu nilijua huongei na mtu. Nimelea watoto watano, najua mtu anayejitia anaongea. Nilisimama pale nikidhani utaona haya, uishushe, unambie. Nilipoona huishushi nikakugusa bega, nikasema labda bado hajaiva. Umechelewa lakini umekwenda. Ni wengi wasiokwenda kabisa.

Wale mafundi wapya wamekuja jana hiyo hiyo. Wameniwekea programu, wamekaa na mimi tangu asubuhi mpaka mchana wananifundisha Kubali na Kataa. Si vigumu. Nilitaka mtu wa kukaa na mimi tu. Leo mmoja ameomba kuingia nikiwa nahesabu mzigo, nimebonyeza Kataa, na dunia haikuanguka.

Sasa swali lako. Nimelifikiria sana kama nilijibu au nilipite. Kamati sikuwaambia, na mume wangu sijamwambia, kwa sababu ni jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu.

Tofauti niliiona.

Mshale ulitembea kama wako, kasi yako, sikuona kitu hapo. Lakini ile programu yako ya zamani ilikuwa na kisanduku kidogo pembeni cha kuandikiana. Hukunifundisha, nilikigundua mwenyewe. Kila ulipomaliza kunitengenezea mashine nilikuandikia humo, kwa kidole kimoja, nikitafuta herufi: Ahsante mwanangu. Miaka miwili. Hukujibu hata mara moja. Sikukasirika, nilijua una kazi nyingi, pengine hata hukioni. Niliendelea kuandika kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, mtu akikutendea jambo humwachi aende hivi hivi.

Alhamisi ile mshale uliposimama niliandika kama kawaida yangu. Nikajibiwa. Yaliandikwa haya: Karibu sana mama, pumzika sasa.

Nilijua pale pale kwamba si kawaida yako, mwanangu. Nikachukua simu nikupigie nikuulize, nikaitafuta namba yako nikaipata. Kisha nikayasoma tena yale maneno, nikajikuta nafurahi. Nikasema, leo amenikumbuka. Nikaona nikipiga nitakuudhi, na nikiuliza nitayaharibu. Nikaiweka simu mezani, nikakaa nikiyatazama mpaka yakafutika.

Hiyo ndiyo tofauti. Waandikie hao wataalamu kama itawafaa.

Mama Stoo